Keki ya limao na watoto: uoke ya siagi au ya mafuta na mtindi?

Jumamosi iliyopita niliweka mabakuli mawili juu ya meza yetu ya chakula, hapa Moshi, nikampa kila mtoto la kwake. Binti yangu wa miaka 9 alipata siagi na sukari. Mdogo wake wa miaka 4 alipata mtindi, mafuta na kikombe cha kupimia. Malimao yalikuwa ya fungu moja, nimeyanunua soko la Mbuyuni asubuhi ile. Mabati ya mkate yalikuwa mawili ya ukubwa mmoja, na oveni ni ile ile. Nilitaka kumjibu vizuri mdogo wangu anayeishi Arusha, ambaye wiki moja kabla alinipigia: "Dada, watoto wameshikilia tuoke keki ya limao. Naona kuna ya siagi na kuna ya mafuta. Nianze na ipi?"

Kwenye simu nilimwambia aanze na ya mafuta na mtindi. Baada ya Jumamosi ile jibu langu ni lile lile, ila sasa naweza kumweleza sababu, na pia lini ahamie kwenye siagi. Ipi ni tamu zaidi tutalifikia mwishoni, maana zote mbili zililiwa zikaisha. La kuangalia kwanza ni mikono ya mtoto wako inaweza nini, na ana subira ya dakika ngapi.

Vipimo ni hivi, kwa bati la mkate la sentimita 23 kwa 13 au linalokaribia hapo.

Ya siagi: siagi gramu 175, sukari gramu 175, mayai 3, unga wa ngano gramu 175, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, maziwa vijiko 2 vya chakula, chumvi kidogo, na ganda la malimao 2.

Ya mtindi: mtindi kikombe 1, sukari kikombe 1, mayai 3, mafuta ya kupikia nusu kikombe, unga wa ngano vikombe 2 kasoro robo, beking pauda vijiko vya chai 2, chumvi kidogo, na ganda la malimao 2. Kikombe ninachotumia ni cha mililita 250.

Ukiyatazama haya mawili utaona tofauti ya kwanza: ya siagi inataka mizani, ya mtindi inataka kikombe tu. Keki ya siagi imetokana na ile ya zamani ya Uingereza ambayo kila kitu kilipimwa ratili moja, siagi, sukari, mayai na unga, ndiyo maana ikaitwa kwa jina la ratili. Ufaransa nao wanayo, wanaiita robo nne. Na ni Wafaransa hao hao ambao watoto wao wengi huanza kuoka kwa keki ya mtindi: kopo la mtindi likishamwagwa kwenye bakuli, lenyewe ndilo linakuwa kipimo, makopo 2 ya sukari, makopo 3 ya unga. Mtoto asiyejua kusoma gramu anajua kuhesabu mbili na tatu.

Kama huna mizani nyumbani, hapo umeshachagua. Kukadiria gramu 175 za siagi kwa macho na mtoto pembeni anakuuliza maswali ni kujitafutia keki yenye mafuta chini.

Ganda kwanza, bakuli baadaye

Kuna kazi moja iliyo sawa kwa keki zote mbili, na kwangu ndiyo kazi bora ya mtoto jikoni. Harufu ya limao haimo kwenye maji yake. Maji yanaleta uchachu. Harufu imo kwenye mafuta yaliyojificha ndani ya vifuko vidogo vya ganda la juu, lile lenye rangi. Ndiyo maana mtu anaweza kukamua malimao manne kwenye unga, akatupa maganda, akapata keki chachu isiyonukia.

Osha malimao, yafute, kisha mtu mzima akwaruze ganda kwa matundu madogo ya greta ya karoti. Ukifika kwenye weupe acha, geuza upande, kwa sababu weupe ni mchungu. Weka ganda hilo kwenye sukari uliyokwisha kupima, umkabidhi mtoto asugue kwa ncha za vidole.

Mwanangu alisugua huku amekunja uso. Mwanzoni sukari ilikuwa kavu na inateleza. Baada ya dakika mbili ikaanza kushikamana kama mchanga ulionyeshewa, ikapata rangi ya njano iliyochanganyika na kijani, na chumba kikajaa harufu mpaka dada yake akaacha bakuli lake akaja kunusa. Yule mdogo akaweka kiganja puani, akakaa kimya kidogo, kisha akakileta puani kwangu. Chembe za sukari zinakwaruza ganda na kulitoa mafuta yake. Kazi hii haihitaji nguvu wala kisu wala moto, na mtoto wa miaka 4 anaifanya sawasawa na mtu mzima.

Usichague malimao kwa rangi. Matunda ya jamii hii yanahitaji usiku wa baridi ili ganda ligeuke njano, kwa hiyo yanayotoka sehemu za joto yanaweza kuwa yameiva kabisa ndani na nje bado kijani. Chukua lililo zito ukilinganisha na umbo lake, ulikwaruze kidogo kwa ukucha, unuse.

Ndimu je? Maji yake yanafaa sana kwa ile sukari ya kumwagia juu keki ikitoka. Ganda lake silipendekezi kwa keki ya kwanza, ni jembamba mno, ukipitisha greta mara mbili umeshafika kwenye weupe. Na hapa nina onyo ambalo wazazi wengi hawajalisikia. Maji ya ndimu, na ya limao pia, yakikaa kwenye ngozi na mtoto akatoka juani, ngozi inaweza kuungua. Yanatokea malengelenge, halafu mabaka meusi yanayochukua wiki nyingi kufifia. Mtoto aliyemaliza kukamua anawe kwa maji na sabuni, mpaka kwenye viwiko, ndipo atoke uani.

Bakuli la siagi

Keki hii inainuka kwa hewa unayoipigia mwenyewe. Ukipiga siagi laini pamoja na sukari, kila chembe ya sukari inachimba kitundu kidogo na kuacha hewa ndani. Beking pauda haianzishi vitundu vipya. Inavijaza na kuvipanua vile ulivyokwisha kutengeneza. Ukiishia njiani katika kupiga, huwezi kufidia kwa kuongeza kijiko cha beking pauda, utapata tu keki nzito yenye ladha ya magadi.

Kwa mwiko, bila mashine, inachukua dakika 8 hadi 10. Binti yangu alipiga dakika tatu, akabadili mkono, akapiga mbili nyingine, akauliza kama imetosha. Nilimwambia achukue kidogo ausugue kati ya vidole. Bado chenga zilikuwa zinasikika na rangi ilikuwa bado ya siagi. Tukapokezana. Ilipofika mwisho ilikuwa imepauka, karibu nyeupe, na mwiko ukiinuliwa unaacha ncha inayosimama. Akaitazama ile ncha akasema, "Mama, imekuwa kama povu la baba la kunyolea." Tangu hapo hakuuliza tena.

Mtoto wa miaka 4 hafiki huko, na si haki kumtaka afike. Atapiga mara kumi, atachoka, atakuachia bakuli, na keki itakuwa yako. Wa miaka 6 au 7 anaweza ukipokezana naye. Kuanzia 8 au 9 kazi hii inamfaa kabisa, hata inampendeza, kwa sababu anaona kitu kikibadilika kwa nguvu za mkono wake.

Halafu kuna hali ya hewa, na kwa mikoa yetu hii si jambo dogo. Siagi inayofaa ni ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole inaacha alama bila kidole kuzama, yaani nyuzi joto 18 hadi 21 hivi. Moshi mwezi wa Januari na Februari, ukiitoa kwenye friji ukaenda kuanika nguo, ukirudi imeshaanza kuwa mafuta, na siagi iliyoyeyuka haishiki hewa. Iache mezani dakika chache tu, na ikilegea sana kalisha bakuli kwenye beseni la maji baridi. Arusha mwezi wa Juni na Julai mambo ni kinyume: saa tatu asubuhi siagi bado ni ngumu kama mche wa sabuni. Ikate vipande vidogo, iweke kwenye sahani iliyopashwa kidogo, usiyeyushe. Kwa mtindi na mafuta haya yote hayapo. Mafuta ni mafuta, Januari na Julai.

Mayai nayo yanataka utaratibu. Yaingie moja moja, yasiwe ya baridi. Ukiyamwaga yote pamoja, mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoharibika na mtoto anadhani ameiua keki. Hajaiua. Tia kijiko kimoja cha unga, endelea kupiga, itarudi.

Kuhusu siagi yenyewe: ile ya maziwa ina ladha nzuri zaidi na bei yake inauma. Ile ya kopo, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoiita siagi, ni laini zaidi, mtoto anaipiga kwa urahisi, na keki inatoka sawa, ila ladha inapungua. Mimi natumia nusu kwa nusu. Epuka ile ya kupaka mkate iliyoandikwa kwamba ina mafuta kidogo, hiyo imejaa maji na haiwezi kubeba keki.

Bakuli la mtindi

Hapa kila kitu kinaingia bakuli moja kwa mfululizo: sukari iliyosuguliwa na ganda, mtindi, mayai, mafuta, koroga. Kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda na chumvi. Dakika 10 umemaliza, na katika hizo 10 mtoto anashika kitu karibu kila dakika. Anamimina, anahesabu, anavunja yai.

Yai livunjiwe kwenye kikombe cha pembeni. La kwanza mwanangu aliligonga kwa woga mara tano likapata ufa mdogo tu, la pili akalipondaponda. Kipande cha ganda kikizama, usikifukuze kwa kidole. Tumia nusu ya lile ganda la yai kama kijiko, linakinasa mara moja. Kama mayai yako ni ya kienyeji na ni madogo, weka 4 badala ya 3, kwa keki yoyote kati ya hizi.

Hatari ya bakuli hili iko mwishoni, unga ukishaingia. Watoto wetu wamezoea kutuona tukikanda chapati na maandazi, na wanajua kwamba ukikanda sana ndiyo vizuri. Unga wa ngano ukikutana na maji ukapigwapigwa unajenga nyuzi zinazovutika, ndizo zinazoifanya chapati isichanike ukiivuta. Kwenye keki nyuzi hizo zinaleta ugumu na mashimo marefu ya ajabu. Mafuta yanasaidia kidogo kwa kuwa yanazifunika chembe za unga, lakini hayazuii yote. Dawa yangu ni kuhesabu kwa sauti. Tunageuza mwiko kutoka chini kwenda juu, tunahesabu pamoja mpaka 20, tunaweka mwiko chini. Vibonge vidogo vikibaki viache, vitakwisha kwenye moto. Mwanangu alitaka kufika 30. Alikubali kuachia kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayepaka mafuta kwenye bati.

Mtindi uwe mzito, usio na sukari wala ladha ya matunda. Ukiwa majimaji, uchuje kwa kitambaa safi dakika 20. Maziwa mgando ya kibuyu, ambayo Arusha yanapatikana kwa urahisi, nayapenda sana kwa kunywa, ila kwa keki hii hapana: kibuyu husafishwa kwa kijinga cha mti, na ile harufu ya moshi inapigana na limao. Huna mtindi kabisa? Chukua robo tatu ya kikombe cha maziwa, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limao, subirini dakika 10. Waache watoto watazame maziwa yakigeuka mazito. Kwa wangu hilo lilikuwa somo la siku.

Mafuta nayo yawe yaliyosafishwa. Alizeti ya kukamuliwa ambayo haijasafishwa ni nzuri kwenye mboga, kwenye keki inameza limao lote.

Na kulamba mwiko. Najua ndiyo furaha yenyewe, nasi tulikua tukilamba. Lakini yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na unga mbichi nao si salama, hata ukiwa haujaguswa na yai. Mimi nawatengea kibakuli cha mtindi na vijiko viwili vya ile sukari ya limao. Wanalamba hicho, na sijasikia malalamiko.

Moto

Mwenye oveni ana kazi nyepesi. Washa mapema, nyuzi joto 170, dakika 45 hadi 50 kwa ya siagi na 50 hadi 55 kwa ya mtindi, maana ina majimaji zaidi. Choma katikati kwa kijiti cha mshikaki, kikitoka bila uji imeiva. Oveni ndogo ya mezani ya wati 1,500 kwa saa nzima haizidi yuniti moja na nusu, na mabati mawili yanaingia kwa moto mmoja. Kwa watoto, faida kubwa ya oveni ni kile kioo. Wangu walivuta vigoda wakakaa mbali kidogo wakiangalia keki ikipanda, ikapasuka juu, ikabadilika rangi. Hakuna kufungua mlango kabla ya dakika 30.

Jiko la mkaa linaoka keki nzuri, nimekula za namna hiyo tangu utotoni, lakini bati la mkate ni refu kwenda chini na hilo ndilo tatizo lake. Keki pana na fupi inaiva haraka, ile ndefu inaungua juu na chini wakati katikati bado ni uji. Ukiwa na mkaa, gawa unga kwenye mabati mawili madogo au tumia sufuria pana. Chukua sufuria kubwa nzito, mimina mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, uache upate moto, panga vijiwe vitatu, kalisha bati juu yake, funika kwa mfuniko wa bati wenye ukingo. Mkaa uwe theluthi moja chini na theluthi mbili juu ya mfuniko. Watu wengi wanageuza hesabu hii, wanaweka moto mwingi chini kama wanapika maharage, na kitako cha keki kinakuwa cheusi kabla juu hapajashika. Kwa moto huu nachagua keki ya mtindi bila kufikiri mara mbili. Unyevu wake unavumilia moto usio sawa, ile ya siagi inakauka kingo.

Mkaa uwe nje daima. Ukiwaka ndani unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na mlango wazi hautoshi kukupa uhakika. Chora duara la chaki kulizunguka jiko, hatua tatu za mtu mzima, na mtoto asilivuke. Kazi ya mtoto inaishia pale bati linapotoka mezani.

Jiko la gesi la mtungi nalo linaweza, kwa sufuria na mchanga vile vile, moto mdogo kabisa. Juu haitapata rangi kwa kuwa hakuna moto wa juu. Ile sukari ya limao ya kumwagia juu itafunika.

Aliye Arusha asome hapa

Krismasi iliyopita nilikwenda kwa mdogo wangu, eneo la Sakina, nikaoka kwa vipimo vyangu vya Moshi bila kubadili kitu. Ilikuwa keki ya siagi. Dakika ya 30 ilikuwa imepanda ikapita ukingo wa bati, watoto wakashangilia. Dakika ya 40 katikati ilikuwa imebonyea kama mtumbwi. Tuliikata tukala kingo, na pale kati palikuwa na tabaka lililoshikana kama ugali uliolala.

Oveni yake haikuwa na kosa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini iko kati ya 800 na 900. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua. Gesi ya beking pauda inatanuka zaidi na haraka zaidi, na keki inapanda kabla kuta zake hazijaiva za kuishikilia. Maji nayo yanachemka kwa nyuzi 95 hivi Arusha, wakati Dar es Salaam ni 100, kwa hiyo unyevu unatoka mapema. Vipimo vingi tunavyovipata viliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari.

Kwa Arusha punguza beking pauda kwa robo: ya mtindi iwe kijiko kimoja na nusu, ya siagi kijiko kimoja na chembe tu juu yake. Punguza sukari kijiko kimoja cha chakula, ongeza maziwa au mtindi kijiko kimoja, na pandisha moto ufike nyuzi 180 ili kuta zishike upesi. Keki ya siagi inahitaji marekebisho haya zaidi kuliko mwenzake. Rudi kwenye vipimo uone: sukari yake ni sawa na unga, na mafuta yake yanaukaribia. Ya mtindi ina mafuta kama nusu tu ya uzito wa unga. Ukuta wenye unga mwingi unasimama vizuri zaidi kwenye miinuko. Kwa mdogo wangu hii peke yake ilitosha kuamua.

Zilivyotoka

Keki zikiwa bado za moto, zote tulizimwagia maji ya limao yaliyochanganywa na sukari. Maji ya malimao mawili, vijiko 5 vya chakula vya sukari, usichemshe, usisubiri sukari iyeyuke. Toboa keki kwa kijiti cha mshikaki kisha mwagia polepole. Maji yanazama, sukari inabaki juu na kukauka kama ganda linalolia chini ya jino. Kutoboa ni kazi ya mtoto mdogo, bati likishapoa kiasi cha kushikika, na mwanangu alitoboa kwa bidii hadi keki ikafanana na chujio. Ya siagi ilipata maji yote ya fungu lake. Ya mtindi ipe nusu tu, ina unyevu wake tayari, ukizidisha kitako kinalowa.

Jioni ile ile, ya siagi ilishinda. Kingo zake zilikuwa na ile rangi ya kahawia inayonukia siagi, na chenga zake zilikuwa laini na za kufanana. Bibi yao alikula vipande viwili na chai ya maziwa na kuomba cha tatu cha kuondoka nacho. Ya mtindi ilikuwa nzito kidogo, nyevu, chachu zaidi, na juu ilipasuka vizuri kwa urefu. Binti yangu alijua kwamba yake ndiyo iliyosifiwa, nami sikumficha, maana ameifanyia kazi.

Jumapili baada ya ibada zilikuwa sawa. Jumatatu asubuhi ya siagi ilikuwa imekaza, kwa sababu siagi inapopoa inaganda, na kipande kilitaka kupashwa au kuchovywa kwenye chai. Ya mtindi ilikuwa laini kama Jumamosi, mafuta hayagandi kwenye joto la nyumba, na harufu ya limao ilikuwa imekolea zaidi. Vilibaki vipande vitatu. Viwili niliwafungia watoto kwenye makopo yao ya shule. Cha tatu mwanangu alikichukua mwenyewe kwenye sahani, akakivingirisha kwenye karatasi, akasema hicho ni cha mwalimu, na kwamba atamwambia amehesabu mpaka 20.